Majina Arobaini na Moja

Mwanamke mwenye mkoba wa bluu hakuwa akinunua kitu.

Elinaja aliliona hilo ndani ya dakika mbili. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, na soko la Walthamstow lilikuwa limeshajaa. Kila aliyepita alibeba kitu: ndizi za kupika, mapazia, masufuria. Mwanamke yule alipita katikati yao kama mtu anayekagua gwaride. Mara mbili alisimama mbele ya vioo vya maduka, akatazama nyuma yake.

Elinaja akainamia meza ya viazi vitamu.

"Sindano, nipe hali," sauti ya Anselm ikasema sikioni mwake, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Ninaye. Anaelekea stesheni."

"Usimwachie. Leo ndiyo siku."

Anselm alikuwa mkuu wake. Kwa miaka minne ya kazi London, Elinaja alikuwa amemwona uso kwa uso mara sita. Kwa kawaida alikuwa sauti tu, ikitoka ndani ya gari la Ford Transit lisilo na dirisha.

Mwanamke aliitwa Sidonie Marchal, dalali wa kununua na kuuza siri. Wateja wake wa sasa walikuwa wasafirishaji wa dhahabu ya magendo kuvuka Ziwa Tanganyika. Kitu walichokitaka kilikuwa orodha ya watoa habari arobaini na mmoja wa Idara ya ujasusi ya Tanzania, wanaoishi mpakani Kigoma na ng'ambo ya ziwa. Majina, vijiji, namba za simu.

Muuzaji hakujulikana. Kwenye jalada walimwita Mkutubi.

Treni ya Victoria iliondoka Walthamstow nusu tupu. Sidonie alikaa behewa moja mbele. Elinaja alimtazama kupitia kioo cha mlango wa kuunganishia mabehewa, uso wake ukiwa kwenye simu ya Samsung kama abiria yeyote.

Hakuna aliyemwangalia. Hilo alikuwa amelizoea.

Katika jiji hili aliitwa Lilian, fundi wa kukarabati vitabu vya kale. Idara ilimfundisha ufundi huo miezi minane ili apate kisingizio cha kuishi hapa, na bila mtu kujua, aliupenda. Alipanga chumba Wembley. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja. Mama yake kule Same aliamini yuko Dodoma, ofisini, na alipopiga simu Elinaja aliingia bafuni ili honi za London zisisikike.

Sidonie alibadilisha treni Green Park. Akabadilisha tena London Bridge.

Kisha akapanda treni ya Lewisham.

Lewisham ndiko Elinaja mwenyewe alikokwenda kila Jumamosi.

"Kituo, lengo limeshuka Lewisham. Anapita nyuma ya soko."

"Unajua anakwenda wapi?"

Elinaja alipunguza mwendo. Mbele yake Sidonie alikuwa anavuka barabara kuelekea jengo la matofali mekundu, kanisa ambalo waumini wake wengi walitoka Afrika Mashariki. Mlangoni kulikuwa na bango: miaka mia tano ya Agano Jipya la kwanza kuchapwa kwa Kiingereza. Mhadhara saa tano. Mzungumzaji, Mwalimu Ambrose Kwayu.

"Najua," alisema.

Mwalimu Ambrose alikuwa na miaka sitini na sita. Mkatoliki aliyempenda Luther kuliko Walutheri wenyewe. Kila Jumamosi aliwafundisha manesi, walezi wa wazee na wanafunzi habari za watu walioigeuza Ulaya. Aliwaeleza jinsi Gutenberg alivyopanga herufi za madini ya risasi, jinsi Erasmus alivyorudi kwenye Kigiriki cha asili, jinsi mtawa mmoja wa Wittenberg alivyogoma kuikana dhamiri yake mbele ya mfalme. Baada ya somo aliwapikia. Ilikuwa meza pekee London ambayo Elinaja aliulizwa kama ameshiba.

Kabla ya kuja London, Mwalimu alifanya kazi miaka thelathini kwenye masjala ya Idara. Elinaja alilijua hilo. Mwalimu hakujua kwamba Elinaja anajua.

Elinaja aliingia kupitia mlango wa jikoni.

Ukumbini viti vilikuwa vinajaa. Picha zilitundikwa ukutani: Luther na uso wake mpana, Tyndale mwembamba, Calvin na ndevu zake ndefu. Sidonie hakuzitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, ambako vitabu vya maonyesho viliwekwa pamoja na mtambo wa mbao wa kuchapia kwa mkono.

Elinaja alihesabu hadi thelathini. Akafungua mlango.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Lilian." Ambrose alishtuka kidogo, akatabasamu. "Umewahi leo, mwanangu. Huyu ni mgeni wangu, mwandishi wa habari."

Sidonie aliinamisha kichwa. Mkononi mwake kulikuwa na kitabu kidogo cha ngozi ya kahawia, chapa ya Basel ya mwaka 1524, kazi ya Erasmus. Elinaja alikifahamu. Alikikarabati mwenyewe mwezi uliopita, akamrudishia Mwalimu bure.

Akautazama mgongo wa kitabu.

Yeye alishona kwa uzi wa kitani. Sasa pale chini, karibu na ukingo, mishono mitatu iling'aa. Nailoni.

Mtu alikuwa amekifungua na kukishona upya.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, polepole, sauti ya mazungumzo tu. "Umeweka nini ndani ya jalada?"

Ambrose alitupa jicho mlangoni.

"Lilian, nenda ukumbini."

"Majina arobaini na moja. Umempa nani?"

Uso wa mzee ulibadilika. Alimtazama kama mtu anayesoma tena ukurasa alioudhani anaujua.

"Wewe ni wa Idara," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mdogo wangu Valentine alikuwa mtu wao mpakani. Aliomba gari la kumtoa. Walimwacha siku tatu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika faili lake la kifo, na waliniamuru niandike malaria." Sauti haikupanda. "Gazeti litachapa. Watalazimika kukiri wana watu kule, na kuwalinda. Mambo yakichapwa kila mtu anasoma, hakuna askofu wala mkurugenzi anayeweza kuyaficha. Hilo nimewafundisha miaka yote."

"Luther alitangaza hoja zake, Mwalimu. Hakutangaza majina ya watu wanaowindwa."

"Huyu ni mwandishi."

Elinaja aligeuza simu yake. Kwenye picha, Sidonie alikuwa amekaa hotelini na mwanamume mnene mwenye saa ya Rolex. Ambrose alimfahamu mtu huyo. Ndiye mkuu wa magendo ambaye vijana wake walimkuta Valentine siku ya tatu, wakamuua.

Mzee alishika ukingo wa meza.

Kisha akanyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza, "Madamu, naomba kitabu changu."

Sidonie hakujua Kiswahili, lakini nyuso alizielewa. Mkono wake ulitoka mkobani na bastola ndogo, Glock.

"Ondokeni mlangoni," alisema.

Ambrose hakuondoka. Alipiga hatua moja mbele, akasimama kati ya mdomo wa bastola na Elinaja.

Macho ya Sidonie yalimfuata yeye. Nusu sekunde.

Ilitosha.

Elinaja aliudaka mkono wenye silaha, akaubamiza kwenye kitanda cha mtambo, juu ya herufi zilizopangwa. Kwa mkono mwingine akavuta mpini kwa uzito wake wote. Bamba la mbao likashuka.

Sidonie alitoa sauti fupi. Vidole vikafunguka. Bastola ikateleza sakafuni, na Elinaja akaisukuma chini ya kabati kwa mguu.

"Kituo, lengo limedhibitiwa. Silaha moja. Chumba cha nyuma."

"Askari wako mlango wa uchochoroni. Dakika mbili. Orodha?"

Alikichukua kitabu, akakata mishono mitatu ya nailoni kwa kisu chake cha kazi. Memori kadi, ndogo kama ukucha, ikamdondokea kiganjani.

"Ninayo. Haijatoka."

"Mkutubi?"

Ambrose alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hakujaribu kukimbia.

"Unajua walivyomkamata Tyndale?" aliuliza. "Huko Antwerp. Kijana mmoja alikula naye mezani. Wakatoka pamoja, njia nyembamba, kijana akiwa nyuma. Akamnyooshea kidole ili askari wajue ni yupi."

"Najua. Ulitufundisha Machi."

"Sikusemi wewe, mwanangu. Tyndale hakuwa na kosa. Mimi ninalo." Alisimama, akavaa koti lake la kijivu, akafunga vifungo vyote. "Kwa hiyo Lilian si jina lako."

"Si jina langu."

Alifungua mdomo kumwambia. Mzee akainua kiganja.

"Usiniambie. Majina niliyoyatoa yametosha."

Askari wawili waliingia na kumtoa Sidonie. Uchochoroni wengine walikuwa wanangoja, na nje kulikuwa na wazee wengine wanne wakivuta sigara.

"Sindano, ni yupi?" Anselm aliuliza.

Mwalimu alishatoka. Alitembea wima, bila kugeuka.

"Mwenye koti la kijivu," Elinaja alisema. "Msimfunge pingu. Anatembea mwenyewe."

Akalitazama koti hilo mpaka lilipoingia garini.

"Kazi nzuri," Anselm alisema. "Lilian amekwisha. Ndege yako ni kesho. Usirudi Wembley, vitu vyako vitafungashwa."

"Ni vichache."

Ukumbini watu arobaini walikuwa wanasubiri. Generosa, nesi aliyesimamia chai, alimjia na birika mkononi.

"Mdogo wangu, Mwalimu yuko wapi? Saa tano imepita."

"Amepata dharura, dada. Hatakuja."

"Anaumwa?"

"Hapana."

"Basi waambie wewe. Mimi wataniuliza maswali."

Elinaja alipanda jukwaani. Nyuso zilimwinukia, wengine bado na sare za zamu ya usiku, kalamu na madaftari magotini. Aliwaambia Mwalimu hatafundisha leo, na anawaomba radhi.

Mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Jumamosi ijayo, je?"

Elinaja aliyatazama madaftari.

"Endeleeni kusoma," alisema.

Akashuka, akapita katikati ya viti, akafunga zipu ya jaketi. Nje alitoa laini kwenye simu, akaivunja vipande viwili na kuvitupa kwenye pipa la kituo cha basi. Mvua ilikuwa imeanza.

Basi la kwanza lililokuja halikuwa lake.

Akalipanda.