Sindano Isiyo na Tundu

Msimu wa kahawa ulipofika, Lusia alitoka nyumbani kwake Oldeani ukungu ungali chini, kikapu mkononi. Asubuhi hakuna aliyemfikia kwa kuchuma. Lakini jua likipanda, kope zake zilishuka zenyewe. Mikono ilikataa kufika tawi la juu. Sauti ikatokea puani. Akipumzika kidogo nguvu zilirudi, kisha zikamtoroka tena.

Naftali, nyapara wa shamba, alikuwa na maneno yake kwa Lusia.

"Mama Sylvesta, macho yamekwenda kulala. Mikono nayo inayafuata?"

Wachumaji walicheka. Lusia naye alijaribu kucheka, lakini pembe za mdomo hazikupanda. Alionekana kama aliyenuna. Basi akaitwa mvivu, na kiburi kikaongezwa juu yake.

Neno hilo halikuwa geni shambani. Enzi za walowezi, mama yake Lusia aliitwa mvivu huku akitetemeka kwa homa katika mibuni hiyo hiyo. Walowezi waliondoka. Neno lao halikuondoka. Lilihamia mdomo mwingine.

Jirani yao Nanyokie, binti wa wafugaji wa Ngorongoro, alikuwa muuguzi wa zahanati. Yeye hakucheka. Aliona mtu mwenye nguvu asubuhi ambaye jioni hawezi kutafuna, akampeleka hospitali. Daktari akaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa neva na misuli. Neva inaita, msuli hausikii vizuri. Na kadiri msuli unavyotumika, ndivyo unavyozidi kulegea. Hauambukizi. Si uchawi, wala si uvivu. Ni ugonjwa wa kukaa nao muda mrefu, lakini hutulizwa. Akampa vidonge vya kila siku, avimeze kabla ya chakula ili koo lipate nguvu.

Hospitalini hapo palikuwa pia na daktari kutoka China. Shingo na mabega ya Lusia yalimuuma kwa kujikaza. Daktari yule akamchoma sindano nyembamba kama unywele, akaziacha kidogo, akazitoa. Lusia alirudi nyumbani mwepesi, akalala vizuri. Akawa anakwenda tena kila alipoitwa.

Shida ilianzia nyumbani. Mama mkwe wake, bibi Katarina, alikulia kwenye dawa za mizizi kule Mbulu. Kwao, aliyeanza dawa ya mganga mmoja hagusi ya mwingine. Zikikutana mwilini, zinagombana. Akamsihi mkwewe achague moja, na alisema kwa mapenzi. Lusia alichagua sindano, maana ndizo zilizompa usingizi. Vidonge akavifukia ndani ya kopo la mahindi, bibi akimtazama.

Haukupita muda. Jioni moja wakila makande, punje zilimkwama. Maji aliyokunywa yakatokea puani. Kichwa kikaanguka kifuani, pumzi ikawa fupi. Mumewe, Bartolomeo, alikimbia kumwita Nanyokie. Muuguzi akamkalisha Lusia wima, akakataza asipewe tena chakula wala maji. Kisha akauliza vidonge viko wapi. Bibi Katarina ndiye aliyelitafuta kopo na kulileta.

Lori la shamba lilikuwa limesimama hapo nje, limejaa magunia. Bartolomeo aliomba limpeleke Lusia hospitali, lakini Naftali, aliyekuwa akilisimamia, alisema gari hilo ni la kahawa.

"Na kahawa ilichumwa na nani?" Bartolomeo aliuliza.

Hakungoja jibu. Akaanza kushusha magunia, na wachumaji wale wale waliocheka wakaja kumsaidia.

Waliwahi. Madaktari walimsaidia Lusia kupumua, wakamrudisha kwenye vidonge vyake. Lusia alipopata nafuu, bibi Katarina aliomba aonyeshwe sindano ya Mchina. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama ncha, akaitazama tena.

"Haina tundu," alisema. "Dawa inapita wapi?"

"Haipiti, bibi," Nanyokie alijibu. "Hamna dawa ndani yake. Sasa itagombana na nini?"

Bibi akajicheka mwenyewe. Nanyokie akamalizia. Sindano huwapunguzia baadhi ya watu maumivu na uchovu, lakini haifanyi kazi ya vidonge. Vidonge mtu havizidishi, havipunguzi wala haviachi bila kumwuliza daktari. Sindano ichomwe na aliyesomea, tena iwe imechemshwa. Na Lusia akipata malaria, aseme ugonjwa wake kabla ya kupewa dawa, kwa kuwa dawa nyingine za malaria zinaweza kumlegeza zaidi.

Tangu hapo mlinzi wa vidonge akawa bibi Katarina. Ugali haukutengwa kabla hajauliza, "Umemeza?"

Kikao cha wachumaji siku zote kilifanyika jioni. Lusia aliomba kifanyike asubuhi, maana asubuhi ndiyo saa ya sauti yake. Akasimama mbele yao.

"Mmewahi kuona mvivu anayechoka kwa kutafuna?" aliuliza. "Mimi nilichoka kwa kutafuna. Nataka kazi. Asubuhi nichume, mchana nikae nichambue buni."

Wachumaji walimuunga mkono wote. Naftali alikuna kichwa, akaona yuko peke yake, akakubali. Akauliza tu atajuaje kwamba saa ya kuchambua imefika.

"Macho yangu yakienda kulala," Lusia alisema.

Watu walicheka, Naftali akaangalia viatu vyake. Lusia naye alicheka, na safari hii pembe za mdomo zilipanda.