Chuma cha Juu ya Bati

Mwezi wa saba pale Laini Saba, mtaani Kibera, upepo hauna adabu. Hutoka upande wa reli, ukajipenyeza katikati ya nyumba, na kila bati lililolegea hupiga kelele. Nyumba ya Mukai ilikuwa na bati la namna hiyo. Mchana aliuza madondo, yaani maharage, na chapati mlangoni, na bati likigonga juu ya kichwa chake kutwa nzima. Alilichukia kama mke mwenza.

Mumewe Kavoi, baba wa mtoto wao Ian, alikuwa na pikapu kuukuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lao na ng'ombe wao. Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu: leo Laini Saba kwenda Kawangware, kesho Makina kwenda Ayany. Vitu vilipangwa hadi vikapita kichwa cha gari. Juu kabisa liliwekwa godoro, na juu ya godoro alikaa mtu ili lisipeperuke.

Mtu huyo alikuwa Ndululu, ndugu mdogo wa Mukai. Ndululu alikuwa fundi wa rangi. Alipanda ngazi ndefu kama paka, na alikuwa ameahidiwa kazi ya kupaka ghorofa kule Kilimani. Siku ambazo hakukuwa na rangi ya kupaka, alimsaidia shemeji yake.

Baada ya mavuno, Kavoi alitaka kwenda Kitui kuchukua ndengu kwa mama yake. Njia ya kufika huko ni makorongo matupu. Alimwendea Jeconia, fundi wa magari mwenye banda kando ya reli.

"Fundi, mwaka jana nilikwama," Kavoi alisema. "Gurudumu moja liko shimoni, lingine linaning'inia hewani, linazunguka tu bure."

Jeconia aliinama chini ya gari. "Ni hii stabilaiza. Unaiona? Chuma kimoja kirefu, kimeshika gurudumu la kulia na la kushoto. Moja ikitaka kushuka kwa shimo, chuma kinaivuta. Naweza kukitoa, kila gurudumu lifuate ardhi yake. Lakini sikia, buda. Hiyo ni ya mashimo, na ni ya kwenda pole pole. Ukirudi, kabla hujaanza kubeba watu na mizigo, leta gari nikirudishe."

"Sawa, sawa," Kavoi alisema. Watu wengi husema sawa mara mbili wakiwa hawajasikia hata mara moja.

Jeconia akakitoa, na safari ikawa nzuri. Pikapu ilipita makorongo bila kukwama. Kavoi alirudi na magunia ya ndengu, na chuma kikiwa kimelala nyuma ya kiti.

"Hiki nacho ni cha nini?" Mukai aliuliza.

"Ni cha gari. Nitakipeleka kwa Jeco. Lakini hii gari siku hizi ni tamu, Mama Ian! Mashimo ya hapa Kibera siyasikii kabisa. Ni kama nimekalia sofa."

Mukai alikiinua. Kilikuwa kizito. Akatazama juu. "Basi kabla hujakipeleka, niwekee hapo juu ya bati. Nimechoka na hizo kelele."

Ndululu alipanda akakiweka. Bati likanyamaza. Mukai alishukuru Mungu, akalala vizuri.

Kesho ilizaa kesho nyingine. Siku moja Jeconia alikuja kula madondo. Alipoinua macho, mkono wake ulisimama hewani na kipande cha chapati.

"Mama Ian, hicho si kile chuma nilitoa?"

"Ndicho. Baba Ian anasema gari imekuwa sofa."

"Sofa gani! Gari ikikata kona bila hicho, inalala upande. Na yeye anabeba kabati juu ya kitanda, na mtu juu ya kabati. Mwambie akuje leo."

Mukai alimwambia mumewe jioni. Kavoi alicheka. "Jeco anatafuta kazi. Kwani nimeanguka?"

Mukai angeweza kusisitiza. Hakusisitiza. Bati lilikuwa limenyamaza, naye aliupenda ule ukimya.

Mwisho wa mwezi, Waithira, jirani aliyefua nguo za watu, alihamia Kawangware kuwa karibu na kazi. Vitu vyake vilipangwa: kitanda, kabati la mbao, masufuria, godoro. Waithira akakaa mbele na Kavoi. Ndululu akapanda juu na kupunga mkono.

"Dada, uniwekee chapati mbili!"

Pale kona ya Dagoretti, Kavoi alikunja kuingia barabara ya Kawangware. Hakuwa anakimbia sana. Pikipiki ikamkatia mbele, naye akavuta usukani ghafla. Gari likalala upande mmoja. Kavoi akalirudisha, likalala upande wa pili zaidi. Kamba ikakatika. Kabati likaruka, godoro likaruka, Ndululu akaruka. Yeye alitangulia kufika chini, kabati likamfuata juu ya mguu.

Gari lenyewe lilirudi likasimama kwa magurudumu yake manne. Halikupata hata mkwaruzo, wala waliokaa mbele hawakuumia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walikosea. Aliyekataa kusikia alikuwa mmoja, na guu lililovunjika lilikuwa la mwingine.

Ndululu alilazwa hospitalini kwa muda mrefu. Mfupa ulikuwa umesagika kwenye goti. Wakauunga, lakini goti halikukunjika tena. Kazi ya Kilimani ilipata fundi mwingine, mwenye magoti mawili.

Siku Ndululu aliporudi nyumbani na magongo, Jeconia alikuja kumwona. Kavoi alikuwa amekaa mlangoni, kichwa chini.

"Sema basi," Kavoi alisema. "Sema kwamba uliniambia."

"Nilikuambia," Jeconia alisema kwa hasira. "Na mimi nilijua gari iko barabarani hivyo, nikanyamaza baada ya kumwambia bibi yako mara moja. Wenye makosa tuko wengi hapa. Toa hicho chuma huko juu."

Kavoi alipanda mwenyewe. Alikishusha kama mtu anayeshusha maiti. Walikibeba hadi bandani, na Mukai akawafuata. Alitaka kuona kwa macho yake.

Jeconia alisimamisha gari mahali tambarare, magurudumu yote chini, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

"Kwa nini usilipandishe kwa jeki?" Mukai aliuliza.

"Hapa lami iko sawa, magurudumu yametoshana. Matundu yanalingana, chuma hakivutani na kitu. Ukipandisha upande mmoja, kitavutana, kinaweza kukuruka usoni. Na usilale chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake."

Aliangalia mipira inayoshika chuma. Mmoja ulikuwa umepasuka, akaweka mpya. Kisha akafunga linki za pande zote mbili, vile vyuma vifupi vinavyounganisha stabilaiza na magurudumu.

"Huwezi kufunga upande mmoja ukaacha mwingine," alisema. "Huo mwingine utaning'inia, ugonge gurudumu au ukate mpira wa breki. Ni zote, au hakuna. Sasa zunguka kidogo, urudi nikaze nati tena."

"Na mzigo?" Kavoi aliuliza.

"Vizito chini, vyepesi juu. Usipange mlima. Hiki chuma kinasaidia, hakifanyi miujiza. Na juu ya mzigo hakupandi mtu. Hata paka."

Wiki iliyofuata Kavoi alimhamisha mzee Osewe kutoka Makina kwenda Kawangware. Mzee alitaka mpwa wake akalie godoro.

"Apande matatu," Kavoi alisema. "Godoro litafungwa kwa kamba. Ukikataa, tafuta gari nyingine."

Mzee alinuna, lakini alikubali. Pale kona ya Dagoretti gari lilikata kona likiwa limesimama wima, wala kikombe hakikuvunjika. Mashimo ya Kibera yakaanza tena kumtikisa Kavoi kiuno. Hakulalamika.

Jioni hiyo upepo ulikuja. Bati likaanza kugonga. Ndululu alikuwa ameketi mlangoni, mguu umenyooka mbele yake kama ubao. Mukai alitoka nje, akaokota jiwe kubwa, akaanza kutafuta kiti cha kupandia.

"Wacha ligonge, dada," Ndululu alisema. "Siku ile nilipoanguka lilikuwa limenyamaza."

Mukai aliweka jiwe chini. Akaketi kando yake, na bati likaendelea kugonga.