Nilikuwa Ndani Nikimlea Mume wa Kwenye Simu

Nina miaka ishirini na tisa, nasuka nywele Tangini, Kibaha, na sijaolewa. Hilo la mwisho nalisema mwenyewe kabla hamjauliza, maana najua ndilo swali la kwanza la watu wetu. Kuna wakati nilikuwa mwali, mahari imeshapokelewa, sare za kanga zimeshagawiwa... Leo ni dada wa saluni tu.

Naomba mnisome hadi mwisho. Na atakayecheka acheke kimoyomoyo, sitaki kumsikia!

Mchumba wangu nitamwita Idrisa. Alikuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia makontena kule Kwala, amepanga vyumba viwili Kongowe, hukohuko Kibaha. Mtu mpole, maneno machache. Tulijuana miaka mitatu kabla hajaleta posa, na alipoileta mama yangu alilia kwa furaha mpaka nikaona aibu mbele ya wageni.

Kwetu sisi binti hatoki tu nyumbani akaolewa. Anawekwa ndani kwanza. Nikapelekwa kwa bibi mzaa mama, Kisarawe, nikae chumbani mwezi mzima. Nisingwe mwili kwa liwa ya kunukia, nifukizwe udi, nifundwe na somo yangu Bi Tausi, na nisionane wala kuzungumza na bwana harusi hadi siku yenyewe. Simu yangu akabaki nayo mama. Niliyakubali yote... ndoa ile niliitaka kuliko kitu chochote duniani!

Lakini jamani, mmewahi kukaa chumba kimoja kutwa nzima, dirisha limezibwa kwa kanga, kazi yako ni kupakwa liwa na kusubiri ikauke? Wiki haijaisha nilikuwa naongea na mjusi wa ukutani.

Aliyeniokoa ni Shani. Shani ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amemaliza kidato cha nne na anaishi kwao, nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi. Mtoto mcheshi, anapendwa na kila mtu. Mimi ndiye niliyemsuka rasta zake za kwanza. Akaniletea simu yake ya zamani, haina laini, ila ndani yake kuna gemu.

Lilikuwa gemu la maisha. Unaumba watu, unawapa sura, tabia, nyumba na kazi. Wanapika, wanalala, wanagombana, wanazaa. Kisha kila mmoja unamchagulia ndoto yake ya maisha. Mwingine atake utajiri, mwingine atake watoto wengi, mwingine awe mpishi mkubwa. Ndoto ina hatua, kila hatua ukiitimiza unapewa pointi, na kwa pointi unanunua zawadi. Mtu wako asichoke, asisikie njaa, arudie ujana... vitu ambavyo Mungu hakutupa sisi!

Mnadhani mimi nilichagua ipi? Niliumba mwanamke nikampa jina langu. Nikaumba mwanamume, nikamwita Idrisa. Nikawachagulia ndoto ya mapenzi ya maisha: waoane, wapendane, wazeeke pamoja bila mmoja kumwacha mwenzake. Shani naye akajiumba, akajijengea nyumba ubavuni mwetu. Alisema anataka kuwa jirani yangu, nami nikafurahi.

Sasa sikieni nilipokosea. Kazi ya kupeleka salamu kwa bwana harusi ni ya somo. Ndiyo desturi, na walioiweka hawakuwa wajinga. Lakini Bi Tausi miguu ilikuwa inamsumbua, nikaona ya nini kumhangaisha mzee wa watu wakati Shani yupo, mwepesi, hana shughuli? Nikambembeleza Bibi. Akanuna, mwisho akakubali.

Shani akawa mtu wa kwenda Kibaha na kurudi. Siku nyingine alilala hukohuko, kwa mama yangu Tangini, alivyosema yeye. Simu ya gemu aliondoka nayo akaichaji, kwani nyumba ya Bibi haijavutiwa umeme.

Kila akirudi namkalisha kitandani namhoji. Amesemaje? Amevaa nini? Amekonda? Na kila nilichoambiwa nilikiingiza kwenye gemu, maana nilitaka yule Idrisa mdogo awe Idrisa kamili. Shani akasema siku hizi amenyoa ndevu, nami nikamnyoa. Akasema amenunua shati la kijani, nikamvalisha la kijani.

Siku moja akasema, "Halafu shemeji hawezi kulala taa ikizimwa, dada. Anaogopa giza kama mtoto!"

Nilicheka hadi machozi. Nikafungua upande wa tabia, nikatafuta ya mtu anayeogopa giza, nikaibonyeza. Kisha nikaendelea kupanga makochi.

Wasomaji wangu, miaka mitatu niko na yule mwanamume na jambo hilo nilikuwa silijui! Tulikuwa tunaheshimiana, sijawahi kulala kwake hata mara moja. Swali moja tu lilitakiwa linitoke: wewe mwenzangu umejuaje? Halikunitoka. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yangu mimi yalikuwa kwenye pointi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama ndani ya gemu.

Kila simu ikirudi kutoka kuchajiwa, Idrisa mdogo simkuti nyumbani. Namtafuta, yuko kwa jirani. Amekaa kwenye kochi la Shani. Siku nyingine nikamkuta anaoga kwake! Mstari unaoonyesha mapenzi yetu umeshuka, na hatua ya ndoto imekwama, kwa sababu haisogei mpaka mume na mke wawe wanapendana.

Nilimuuliza Shani. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Dada nawe! Hao si wanajiendea wenyewe? Sasa gemu nalo la kumaindi?"

Ni kweli, watu wa mle ukiwaacha huwa wanafanya yao. Nikamrudisha mume wangu nyumbani. Nikamwamrisha amsifie mkewe, amkumbatie, acheze naye muziki sebuleni. Kutwa nzima kazi hiyo, na mstari ukapanda. Simu ikaenda kuchajiwa, ikarudi... mstari umeshuka tena.

Yule mimi mdogo akaanza kulia. Analia jikoni, analia bafuni, kazini haendi. Na mtu mwenye huzuni haingizi pointi. Alinikera! Nikapekua kwenye zawadi nikaikuta moja ya kumfanya mtu asihuzunike tena maisha yake yote. Ilikuwa ghali kuliko zote. Nikatoa pointi zangu zote nikamnunulia.

Alinyamaza palepale. Mumewe yuko kwa jirani, yeye anakaanga mayai na anatabasamu. Nami nikaridhika! Sura ile ya kutabasamu naiona hadi leo.

Asubuhi moja Bibi aliniletea uji, akainama kutazama kinachonishughulisha hivyo.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, Bibi. Na huyu Idrisa."

"Na huyu anayefungua mlango?"

"Shani. Humu ni jirani yetu."

Bibi alitazama kwa muda. "Jirani gani huyo, anaingia nyumbani kwa mwenziwe bila hodi?"

Nikamwambia ni mchezo tu, Bibi, humu hakuna mambo ya hodi. Aliweka kikombe akatoka, na jioni nilimsikia uani akimwambia Bi Tausi kwamba safari za mtoto yule zimezidi. Nikawachukia wote wawili. Wazee, nikasema moyoni, hawapendi kuona watoto wana raha!

Ikafika Ijumaa ya wiki ya mwisho. Wanaume wametoka msikitini, kumetulia, mimi niko kitandani na simu. Nikasikia sauti nje. Alikuwa Idrisa! Idrisa wa kweli, amekuja na pikipiki kutoka Kibaha, peke yake, bila mshenga wala mzee.

Bibi alimgombeza. "Bwana harusi hamfuati mwali alikowekwa, baba. Kwenu hakuna wazee?"

Sauti yake ilikuwa chini. "Naomba dakika moja tu, Bibi. Hata nyuma ya pazia. Kuna neno inabidi alisikie kwangu."

Nilidhani Bibi atamfukuza. La! Alikuja hadi kwenye pazia la chumba changu, akaniuliza kwa kunong'ona kama nataka kumsikiliza, kwani yeye yuko tayari kwenda jikoni ajifanye hajui. Bibi yangu, mtu wa mila kuliko wote, alikuwa tayari kuivunja mila kwa ajili yangu!

Na mimi? Wale wawili kwenye simu walikuwa wameshaota mvi. Ilibaki hatua moja, ya mwisho, washerehekee uzee wao pamoja. Mume alikuwa nyumbani, mstari uko juu, nikimwachia kidogo tu ataenda zake kwa jirani. Sikuinua hata kichwa.

"Mwambie asiwe na haraka," nikasema. "Tutaonana siku ya harusi."

Bibi akaondoka. Nikasikia pikipiki ikiwashwa. Muda si mrefu kioo cha simu kikajaa rangi na maua, na maandishi ya hongera: ndoto ya maisha imetimia! Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani.

Kesho yake Shani hakuja. Chaji ikaisha, simu ikazima mkononi mwangu.

Jumapili asubuhi walikuja mshenga na baba mdogo wa Idrisa. Mwali haonani na wageni, kwa hiyo niliegesha sikio ukutani. Salamu zilikuwa ndefu kupita kiasi. Kisha mshenga akakohoa, akasema wamekuja kuomba radhi, kijana wao hataweza tena kumuoa binti yetu. Ana mtu mwingine, na mtu huyo ana mimba yake.

Bibi akauliza, mtu gani? Wa wapi?

"Wa humuhumu, mama," mshenga akajibu. "Wa nyumba ya tatu."

Kikulacho ki nguoni mwako... nilikuwa nikilisikia neno hilo tangu utoto, sikujua kwamba linauma namna hii. Nilikaa sakafuni, liwa imenikauka mwilini, nikashindwa hata kulia.

Mengine niliyajua baadaye. Mama alisema Shani hakuwahi kulala Tangini hata siku moja. Na Shani mwenyewe, wazee walipomkalisha kikao, aliyatapika yote, mpaka nisiyoyauliza. Zile siku simu ilipokuwa kwenye chaji, ilikuwa Kongowe, chumbani kwa Idrisa. Walikuwa wanalicheza gemu langu pamoja. Aliyekuwa akimshika yule Idrisa mdogo na kumpeleka nyumba ya jirani... ni Idrisa mwenyewe!

Mwanzoni walikuwa wanacheka, alisema. Baadaye mwenzake akaacha kucheka. Ijumaa ile Idrisa aliondoka bila kumuaga, anakuja kwangu. Na kuhusu mimba alikuwa bado hajui lolote. Shani alimwambia aliporudi, baada ya mimi kumrudisha mlangoni.

Mnaelewa maana yake? Alikuja kwangu akiwa bado hajafungwa na chochote!

Nilitaka nirudi Kibaha siku ileile nikajifiche. Bi Tausi akakataa. Alisema mwali akiwekwa ndani lazima atolewe, bwana awepo asiwepo, mlango haufungwi na mtu ndani yake. Basi siku iliyopangwa ya harusi ngoma zikaja. Wanawake wakaja kutoka Kibaha na Mlandizi, wamevaa sare walizoshonewa. Nikafunikwa kanga, nikatolewa, nikakalishwa mkekani katikati ya uwanja.

Hakuna aliyejua aimbe nini. Nyimbo zetu zote za kumtoa mwali zina mume ndani yake. Ngoma zikapigwa peke yake, hakuna sauti ya mtu, wanawake wamesimama wananitazama. Mama alianguka wakamwingiza ndani. Mimi nilikuwa nimekaa wima, na nyuma yangu nikasikia mtu anasema, mwali gani huyu, mbona halii?

Leo Shani na Idrisa wako Kongowe na mtoto wao. Mama na mama mdogo, waliotoka tumbo moja, hawasemezani hata msibani. Shani ameshatuma watu waniombe msamaha. Sijamsamehe, sitadanganya. Mniombee.

Ndugu zangu, mimi simkatazi mtu gemu. Na kuachwa si ajabu, wameachwa wazuri kuliko mimi. Kinachoniamsha usiku ni kwamba ndoa yangu ilipokuwa inakufa nje ya pazia, mimi nilikuwa na furaha! Nilikuwa nafurahi kila siku, napata zawadi, napongezwa... Nani alinipongeza? Simu!

Dada zangu mnaowekwa ndani, salamu zenu apeleke somo, hata kama miguu inamuuma. Aonekanaye mwepesi kwenda, muulize anayoyaleta ameyajuaje. Na mtu wako akisimama nje akiomba dakika moja, weka chini ulichoshika utoke ukamsikilize, hata kama neno lenyewe litakuua.

Huenda Ijumaa ile alikuja kuniacha. Huenda alikuja kuniomba msamaha, na mimi ningemsamehe, maana nilimpenda. Nimeshakutana naye mara mbili stendi, tukasalimiana tukapishana. Sikumuuliza, na sasa ni mume wa mdogo wangu, sina haki ya kumuuliza tena.