Bakuli la Bokoboko la Mama Wadha

Kila asubuhi Ghanima alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka mtu mwingine aiguse: kusoma kipimo cha sukari cha mama yake. Ijumaa hiyo Mama Wadha alijitoboa kidole, akaweka tone la damu, wote wawili wakabana pumzi.

"Tano na nusu!" Ghanima alipiga kelele. "Mama, tano na nusu! Bila sindano!"

"Polepole, utaiamsha Kuwait nzima," mama alisema, huku mwenyewe akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Nani asingecheka? Kwa miaka kisukari kilikuwa kimemkaba koo. Sindano asubuhi, sindano jioni, na juu yake vidonge vya presha. Tangu madaktari wampunguze mfuko wa chakula na kuuunganisha upya na utumbo, sukari ilianza kushuka hata kabla mwili haujapungua sana. Presha nayo ikatulia. Daktari akamwondolea sindano, akampa sharti: ale kidogo kidogo, na vitu vitamu akae navyo mbali.

Mchana walikwenda kula kwa Bibi Sabika, mama yake Mama Wadha, kama kila Ijumaa. Kwa Bibi Sabika hakuna anayejipakulia. Yeye ndiye anayekuwekea, na ukisema "inatosha" anakuongezea.

"Umeona mashavu ya mama yako yalivyobonyea?" Bibi alimnong'oneza Ghanima jikoni. "Wananiulia mwanangu kwa njaa! Mpelekee bokoboko hili la ngano na nyama. Nimelitia samli na sukari, apate nguvu. Akiuliza, mwambie ni vile vidonge vyake vya utamu visivyo na sukari."

"Lakini Bibi, daktari alisema..."

"Daktari ndiye aliyemzaa? Nenda, na usimwambie!"

Ghanima alilipeleka bakuli. Mama alionja, akainua macho. "Mbona tamu hivi?"

"Ni vile vidonge vyako, Mama," Ghanima alijibu, akitazama zulia.

Mama akala bila wasiwasi. Haukupita muda mrefu, jasho likamtiririka. Mikono ikamtetemeka, tumbo likamnyonga, moyo ukampiga kwa nguvu. Akachukua kipimo chake, na namba aliyoiona ikamnyong'onyeza. Ilikuwa imepanda mno.

"Kimerudi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimepasuliwa bure. Mama, kwenye friji yako kuna sindano zangu za zamani. Niletee moja."

Bibi Sabika alisimama palepale, mkono mdomoni. Basi mama akajikokota mwenyewe mpaka kwenye friji. Ghanima alipomwona ameishika sindano, hofu ya kugombezwa ilimtoka yote.

"Usijidunge!" alilia, akamshika mkono. "Mama, nilikudanganya! Ile ni sukari kweli, na samli! Ugonjwa haujarudi!"

"Ni mimi niliyemtuma," Bibi alisema, machozi yakimlengalenga. "Kosa si la mtoto peke yake."

Ghanima alikuwa keshampigia simu mama yake mdogo, Taiba, ambaye ni daktari wa kisukari. "Msimdunge kitu!" Taiba alisema. "Mlazeni chini, nakuja!"

Alifika na koti lake la hospitali. Akakaa kando ya dada yake, akampima, akasubiri, akampima tena. Namba ilikuwa inashuka yenyewe! Walipopima mara ya mwisho, ilikuwa imerudi kama ya mtu mwenye afya. Ghanima aliruka juu, na Bibi akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

"Sikilizeni basi," Taiba alisema akicheka. "Mwili wa dada siku hizi unaimudu sukari vizuri, ndiyo maana imeshuka bila dawa. Lakini mfuko wake ni mdogo, kitu kitamu kinapita haraka mno mpaka kwenye utumbo, ndipo anatetemeka. Upasuaji umemsaidia sana, lakini haukumpa ruhusa ya kula kila kitu. Na angejidunga, sukari ingeporomoka, tungembeba amezimia."

Bibi akashika kichwa. "Ole wangu! Nilidhani namlisha."

"Najua, Mama. Ila mpende kwa kumwachia achague mwenyewe anachokula." Taiba akamgeukia Ghanima. "Na wewe, ulikosea kudanganya. Uongo wako ulimfanya mama yako aamini anaumwa tena. Lakini ulisema kweli ukijua utagombezwa, na hapo ndipo ulipomwokoa. Mimi daktari siwezi kumtibu mtu kwa jambo lililofichwa."

Mama Wadha alimvuta binti yake kifuani, akamkumbatia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Bibi Sabika akajifuta machozi kwa ncha ya shela. "Ghanima," alisema, "nikikwambia tena 'usimwambie mama yako', usinisikilize. Toka mbio ukamwambie."