Aliyepiga Deki

Haya yalimpata shoga yangu, mshonaji anayeishi peke yake.

Alikuwa safarini, basi likaharibika, wakalala njiani. Ndipo akakumbuka bomba la jikoni. Alilifungua siku maji yamekatika, akaondoka bila kulifunga! Na gauni la bibi harusi wa watu alilitandaza chini, juu ya mkeka. "Nimekwisha mimi," akasema.

Alifika magharibi, umeme hakuna. Jirani yake akamchekea dirishani. "Karibu, mama safari! Huyo mgeni wako hachoki? Tangu jana ni deki tu, nikibisha hodi haitikii."

"Mgeni gani, dada? Ufunguo ninao mimi."

Jirani akaacha kucheka.

Wakasikiliza. Mle ndani gizani, tambara lilikuwa linaburutwa sakafuni, shwaa, shwaa. Kisha likakamuliwa, maji yakachuruzika kwenye ndoo.

"Nani?" shoga yangu akaita.

Sauti ikakoma. Alitaka kukimbia, lakini akalifikiria gauni la watu. Akajikaza, akafungua mlango, akawasha tochi ya simu.

Bomba limefungwa. Sakafu kavu. Gauni limetundikwa ukutani, halijalowa hata upindo. Tambara lilikuwa ukingoni mwa ndoo, bado linadondosha maji.

Akamulika chini. Nyayo za maji, za miguu mitupu, zilianzia kwenye ndoo zikaja moja kwa moja hadi kizingitini, vidole vikimwelekea yeye. Za kurudi hazikuwepo.