Karibu Iliyotoka Perry Barr

Mama Jelagat hakuwa mtu wa kuamini mambo ya giza. Nalisema hilo mapema, maana wapo watakaodai alijitafutia. Jumapili alikuwa kanisani hata akiwa ametoka kazini macho mekundu, na ukimletea habari za majini alikukata pale pale: "Hayo wapelekee wasio na kazi." Yeye kazi alikuwa nayo. Usiku kucha aliwageuza na kuwasafisha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Handsworth, mjini Birmingham, asubuhi akapanda basi hadi Perry Barr, kwenye zile ghorofa mpya karibu na stesheni, akajitupa kitandani na viatu.

Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi hakulala. Ilikuwa siku ya Jelagat.

Jelagat alikuwa mtoto wake wa pekee, na mwaka wa pili huo alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, mji wa Kanazawa. Kila Jumamosi, jioni ya huko ambayo ni asubuhi ya Birmingham, alishika simu akawatembeza watu laivu katika mtaa wa zamani wa mji ule. Vichochoro vya mawe, kuta za udongo, nyumba za mbao zenye madirisha ya fito. Mama yake aliweka matembezi hayo kwenye televisheni, akaketi na chai ya maziwa na mandazi kana kwamba amealikwa arusini. Na kwa vile roho haikumpa mtoto atembee peke yake jioni, walikuwa na mpango wao. Jelagat alibeba simu mbili. Moja ya kuonyesha watu njia, nyingine mfukoni, amempigia mama yake na kisikizi kimoja kiko sikioni. Watazamaji hawakumsikia mama. Mtoto alimsikia.

"Vaa kofia," alimwambia katikati ya historia ya karne ngapi sijui. Jelagat alicheka, na watu wa dunia nzima hawakujua anacheka nini.

Tena kuna jambo la hodi. Tangu wanaishi chumba kimoja cha kupanga Kapsabet, Kenya, Mama Jelagat alimfundisha mwanawe kwamba mlango hauingiwi bila hodi, na hodi haitoshi mpaka uambiwe karibu. Mtoto akashika hivyo, akakua hivyo. Hata walipohamia Birmingham, msichana mkubwa ana ufunguo wake mkononi, alisimama nje kwenye baridi akaita "Hodi" hadi mama yake aitike kutoka jikoni. Majirani walimcheka wakachoka.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa ya Januari. Halimo, jirani wa mlango wa pili, Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi ambaye wengi humwita Mama Abdiweli, alikuja na sambusa alizonunua Coventry Road. Walikaa kwenye sofa wawili hao, miguu juu, wakimteta mchungaji mpya. Nje kulikuwa na mvua nyembamba. Kwenye televisheni kulikuwa na theluji, na mikeka ya nyasi imetundikwa kwenye kuta za udongo ili zisiharibike.

"Watu hawa wanavisha hata ukuta," Halimo akasema. "Sisi Eastleigh ukuta unajitegemea."

Jelagat alifika mwisho wa kichochoro. Palikuwa na nyumba ambayo Jumamosi zote huipita, kwa kuwa hufungwa. Leo mlango wake wa kuteleza ulikuwa wazi kidogo, nafasi ya kupitisha mkono. Akasimama. Akawaeleza watu kwa Kiingereza kwamba huku mgeni huita kwanza akiwa kizingitini, na kwamba kwao Kenya ni vivyo hivyo. Akawaonyesha.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," Mama Jelagat akaitika, andazi mdomoni. Ulimi ulitangulia.

Halimo akashusha kikombe. "Mama Jelagat, umemkaribisha kwa nani?"

Swali hilo ndilo lililomwamsha. Lakini Jelagat tayari alikuwa anacheka. "Mama amesema karibu," akawaambia watu, na akausukuma mlango. Haukupiga kelele. Akavua viatu vyake juu ya jiwe la kuingilia, akavigeuza vitazame nje kama wafanyavyo wenyeji. Kando yake palikuwa na jozi nyingine ya viatu vya kike, vyeusi, vya kamba, visigino vimelika upande mmoja. Mama Jelagat aligeuka kutazama mlango wake mwenyewe. Viatu vyake vya kazi, vyeusi vya kamba vivyo hivyo, vilikuwa pale alipoviacha.

"Toka humo," akasema kwenye simu. "Jelagat, toka. Si kwako hapo."

"Eeh mama," mtoto akajibu. "Nimevaa soksi nzito."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za soksi.

"Pengine mtandao unachelewa," Halimo akanong'ona.

Jelagat akaingia ndani zaidi. Aliwasha taa ya simu. Sakafu ya mikeka. Milango ya karatasi, mmoja baada ya mwingine, yote imeachwa wazi nafasi ile ile ya mkono. Hakuwa akiwaeleza watu kitu tena. Alikuwa akizungumza Kiswahili, taratibu, sauti ya mtoto aliyerudi kutoka shuleni.

"Nimekula. Wali na samaki."

Akangoja kidogo, kama anayesikiliza.

"Hapana, sijachoka. Wewe ndiye unachoka, na hizo kazi zako za usiku."

Mama Jelagat hakuwa amefungua mdomo. Simu ikamponyoka. Akaiokota, akakata. Akaizima kabisa. Akaiweka mezani mbele ya Halimo, kioo cheusi.

Kwenye televisheni ikaja sauti ya Jelagat, ya mtu anayetabasamu. "Hata mimi nimekukosa, mama."

Halimo alikuwa ameanza kusoma Ayatul Kursi chini kwa chini. Macho yake yalikuwa kwenye maneno ambayo watazamaji huandika chini ya picha. Aliacha kusoma. Mtu mmoja alikuwa ameuliza, yule mwanamke aliyekaa pale pembeni ni nani? Mwingine akaandika, ni mama yake, hamuoni walivyofanana?

Mama Jelagat alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Aliona chumba kitupu. Aliona mkeka na ukuta. Wale wageni wote, kila mmoja kwao, walikuwa wanamwona mtu, na yeye mwenye mtoto hakumwona.

"Nikae hapa?" Jelagat akauliza.

Akaketi. Simu ikalazwa chali, ikaonyesha maboriti ya dari. Mama Jelagat akaanza kupiga televisheni kwa kiganja, akiita jina la mwanawe, lile la ubatizo na lile la nyumbani. Nani angemsikia? Kutoka kule chini ya dari ikaja sauti ya mwanamke wa makamo, nzito kidogo, sauti ya mtu aliyekesha kazini.

"Karibu, mwanangu."

Ilikuwa sauti yake. Halimo aliishika mikono ya rafiki yake na kumtazama midomo. Midomo ilikuwa imefungwa.

Picha ikakatika.

Saa zilizofuata zilikuwa za kupiga simu tu. Alipiga kwa Jelagat, ikaita bila kupokewa. Polisi wa hapa wakamwambia awasiliane na wa kule. Wa kule wakamwelewa nusu, wakamuuliza msichana ana umri gani, wakasema mtu mzima aliyeketi ndani ya nyumba si mtu aliyepotea. Halimo alichemsha chai ikapoa, akachemsha nyingine. Mama Jelagat alikaa sakafuni chini ya televisheni iliyozimwa, akawa hataki kuinuka.

Adhuhuri Jelagat akapiga mwenyewe, mchangamfu.

"Mama, mbona umenipigia mara zote hizo? Si tulikuwa tunaongea muda wote?"

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Ulinisindikiza mpaka mlangoni." Akapiga miayo. "Lala sasa, umekesha."

Mama Jelagat alilia kwa furaha siku hiyo, masikini. Alidhani mtoto amerudi.

Wiki ya pili akapiga, Jelagat akamwambia, "Lakini mama, si tumeongea sasa hivi?" Wiki ya tatu alipokea akiwa na haraka, akajibu kama anavyojibiwa mtu wa benki. Matembezi ya Jumamosi yakaisha bila kuaga. Mama Jelagat alipunguza kula. Kazini mzee mmoja aitwaye Lennox, aliyezoea kumtania kila alfajiri, alimuuliza anaumwa nini. Angeanzia wapi? Mtoto wake alikuwa mzima. Alikuwa na afya, na kazi, na furaha. Alikuwa tu na mama mwingine.

Mchungaji aliombea simu. Halimo akaleta shehe wa Small Heath, mtu mpole, akasikiliza yote, akauliza kitu kimoja: "Karibu uliisema kwa hiari?" Akaambiwa ndiyo, kwa mazoea. Shehe akatikisa kichwa. Alisema nyumba ile haikuiba chochote, ilipewa ruhusa na mwenye ruhusa. Alimsomea, na hakutaka hata nauli.

Ndipo akamkumbuka Fiona, Mskoti aliyefundisha shule moja na Jelagat. Namba yake alikuwa nayo tangu mwaka juzi. Fiona alipokea kwa furaha, akaulizwa kama amemwona Jelagat.

"Sikuelewi," Fiona akasema. "Si uko hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa Kanazawa. Nimetoka kunywa chai na nyinyi. Nimekuacha jikoni unakaanga." Akacheka kidogo, cheko la wasiwasi. "Nimepiga na picha. Nitakutumia."

Mama Jelagat akaamua kwenda. Angeuza hata sofa. Lakini pasipoti yake ni ya Kenya, na viza ya kumtembelea mtoto inataka mwaliko wa mtoto mwenyewe. Viza ya utalii inataka pesa benki ambazo hakuwa nazo. Akakaa siku nzima akipanga maneno, Halimo ubavuni, halafu akapiga. Aliweka spika ili awe na shahidi.

Simu ilipokewa. Nyuma kulisikika mafuta yakichemka.

"Jelagat. Ni mimi mama yako. Wa Kapsabet, wa Birmingham. Niliyekubeba mgongoni hadi Nandi Hills ulipougua. Usikate, mwanangu. Nisikilize mimi."

Kisha mtoto akatoa simu sikioni. Sauti yake ikasikika kwa mbali, ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Haikuwa na chuki. Ilikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyomkata mama yake maini.

"Mama, yule mwanamke anapiga tena."

Nyayo zikaja. Mtu akaipokea simu kwa utaratibu.

"Pole, dada," akasema kwa sauti ya Mama Jelagat. "Najua uchungu wa mzazi. Lakini huyu ni wangu. Ulinikabidhi wewe."

Ikakatwa. Tangu hapo namba hiyo haiiti.

Jioni ile ile picha ya Fiona ikaingia. Mama Jelagat hakuweza kuifungua, akampa Halimo simu. Halimo akaifungua. Jelagat amekaa kwenye mkeka, amenawiri, mashavu yamejaa, anacheka na mtu aliyempa kamera mgongo. Sura ya mtu huyo haionekani. Unaonekana mkono tu, umemshika Jelagat begani.

"Ikuze," Mama Jelagat akasema.

Halimo akaikuza. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na kovu, refu, limekunjamana. Kovu la mafuta ya moto. Halimo alilijua. Alikuwepo jikoni mwaka ule Mama Jelagat alipoungua akikaanga mandazi ya ubatizo wa mtoto mmoja kanisani, na yeye ndiye aliyempeleka hospitali kwa teksi. Tangu siku hiyo rafiki yake huvaa mikono mirefu.

Akaweka simu kifudifudi. Akauchukua mkono wa Mama Jelagat uliokuwa umelala kwenye sofa, akakifungua kishikizo cha mkono wa sweta, akaupandisha taratibu mpaka kwenye kiwiko.

Ngozi ilikuwa laini. Haikuwa na alama yoyote.