Mistari Miwili ya Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli alikuwa hatulii. Anaanza kuziba pancha, anaiacha. Anashika mnyororo, anauacha.

"Fundi, leo umekalia siafu?" wateja walimtania.

Alicheka kwa mdomo tu. Ndoa ilikuwa na miaka minne, mtoto hakuna, na mama yake alikuwa amehamia kwao ili aulize vizuri kwa nini.

Siku moja alinunua kwenye duka la dawa kipimo cha mbegu za kiume, kile cha kujipimia nyumbani. Akajifungia chumbani, akajipima. Kijiti kikatoa mistari miwili: mbegu zinatosha. Alitoka anarukaruka. Mama yake akakichukua kijiti, akakifunga kwenye leso, akaenda kuwaonyesha mashangazi.

"Mwanangu mzima! Mwenye kasoro anajulikana."

 Mke alitoa begi, akaanza kukunja nguo zake. Furaha ya fundi ikaishia hapo hapo, kwa sababu alimpenda mkewe. Akakimbilia duka la dawa.

"Dada, nipe na kipimo cha wanawake. Haraka, mke wangu anaondoka!"

"Kaka, tulia kwanza," alisema mfamasia. "Karatasi ya maelezo uliisoma?"

"Niliitupa."

"Ndiyo shida yenyewe. Kile kijiti kinakadiria wingi wa mbegu tu. Hakisemi kama zinakwenda vizuri, wala kama zina umbo zuri."

"Lakini ni nyingi!"

"Gurudumu lenye spoki zote haliyumbi?"

 Asubuhi hiyo hiyo fundi alikuwa amenyoosha gurudumu kama hilo.

"Linayumba," alisema.

"Basi nendeni hospitali wote wawili, mpimwe kikamilifu. Siku mbili hadi saba kabla ya kipimo, usikutane na mkeo wala kutoa mbegu kwa njia nyingine. Na kijiti si cheti cha kumfukuzia mtu."

Alirudi mbio. Mke alikuwa mlangoni, begi mkononi.

"Mke wangu, nimekukosea. Twende tukapimwe wote."

"Na ikionekana ni wewe?"

"Nitamwambia mama mwenyewe."

Mke aliliweka begi nyuma ya mlango, lakini hakulifungua.

Walipimwa. Mke hakuwa na tatizo. Mbegu za fundi zilikuwa nyingi kweli, ila zilijikokota. Daktari alikuta mishipa ya korodani imevimba, akasema inatibika. Njia nzima ya kurudi fundi alitembea polepole. Lakini ahadi ni deni, na sebuleni mashangazi walikuwa wamejaa.

"Mama, tatizo liko kwangu. Nitatibiwa."

Mashangazi wakatazama chini. Mama aliikunjua leso, akakitazama kijiti, akakitupa. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akalibeba begi, akalirudisha chumbani.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia mke wa fundi.

Fundi alitibiwa. Mwaka uliofuata begi lile lilionekana tena mlangoni. Mama ndiye aliyelibeba, huku akimfokea fundi atafute gari upesi. Ndani mlikuwa na nguo ndogo sana.